Unanunua nyumba ya zamani Moshi au Arusha? Panda darini kabla hujalipa advansi

#1 NgaziNaTochi

Wakuu, heshima kwenu. Humu nyuzi za kununua viwanja ni nyingi, ila za kununua nyumba ambayo watu wameishi miaka arobaini ni chache. Na huko ndiko watu wanakopigwa.

Kazi yangu ni kukagua nyumba kwa niaba ya mnunuzi. Nimesomea ujenzi, nimesajiliwa, na wateja wangu wengi wananunua Moshi (Shanty Town, Soweto, Rau, Longuo) na Arusha (Themi, Sekei, Kijenge, Sakina, Njiro). Nyumba za mitaa hii mnazijua. Kuna zile za serikali walizouziwa watumishi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuna za wazee waliojijengea miaka ya 70 na 80 enzi za kupanga foleni ya saruji. Wazee wanatangulia, watoto wako Dar au ughaibuni, nyumba inaingia sokoni. Uwanja mkubwa, mijakaranda, mtaa umetulia. Mnunuzi anatembezwa sebuleni, jikoni, vyumbani, anaoneshwa parachichi nyuma ya nyumba, anaambiwa kuna mteja mwingine anakuja saa nane. Analipa.

Ninachotaka kusema ni hiki: ripoti ya mthamini sio ukaguzi wa nyumba. Mthamini anakwambia nyumba inauzika kwa shilingi ngapi, na benki inamtaka kwa sababu inalinda hela yake. Hapandi darini, hafunui chemba, hapimi waya. Hajakosea, hakutumwa hayo. Sasa mtu anashika ripoti ile yenye mhuri anadhani nyumba imepasishwa.

Nikifika kwenye nyumba sianzii sebuleni. Naanzia darini, na hapo ndipo nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za nyumba za zamani mara nyingi ni za mbao ngumu iliyokomaa, sio paina ya juzi, kwa hiyo usidharau. Lakini nachukua bisibisi nachoma kila kenchi pale inapokalia ukutani, kwa sababu maji ya paa bovu huishia hapo, na mchwa akitoka chini kwa kupitia ndani ya ukuta huanzia hapo hapo. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyoliwa inameza bisibisi mpaka kwenye mpini, na ukiitazama kwa nje rangi yake ni ile ile. Kuna nyumba moja Soweto mwenye nyumba alikuwa amesimama chini ya ngazi akiniambia paa lile halijawahi kuguswa tangu baba yake alijenge. Alikuwa anasema kweli. Kenchi tatu za upande wa jikoni zilikuwa zimebaki ganda.

Ukiwa huko juu zima tochi kwanza. Matundu ya misumari yatakuonesha mwanga yenyewe. Halafu washa, tafuta alama za maji kwenye mbao, zile za kahawia zenye mzunguko. Angalia pia kama silingi bodi mpya imewekwa chumba kimoja tu. Nyumba ya mwaka 1978 yenye dari jipya chumba kimoja, au rangi mpya ukuta mmoja, wewe simama hapo hapo uulize.

Kuhusu paa la asbesto (yale mashiti mazito ya kijivu yenye mawimbi mapana, wengi wanayaita "bati za saruji"): likiwa zima na haliguswi, hatari yake ni ndogo. Hatari ni vumbi lake, ambalo linasababisha saratani, na linatoka pale fundi anapolikata, kulitoboa au kulisugua kwa brashi ya waya ili apake rangi. Kuliondoa kunataka watu wenye vifaa, linaloweshwa maji, linafungwa, na takataka zake ni taka hatarishi zenye utaratibu wa NEMC (baraza la mazingira), sio za kutupa korongoni. Gharama hiyo itoke kwenye bei ya nyumba, isitoke mfukoni mwako baadaye.

Nyufa. Hapa watu wanaogopa zisizo na maana na kuziacha zenye maana. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye lipu ni lipu tu imekauka vibaya. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupanuka kadiri unavyopanda, huo unasema upande mmoja wa msingi umekaa chini. Kipimo tunachotumia: chini ya milimita 5 kwa kawaida ni wa kuziba na kupaka rangi, lakini utafute kwanza chanzo. Kati ya 5 na 15 unahitaji kufumua sehemu ya ukuta, na milango na madirisha huwa yameanza kugoma. Zaidi ya hapo kaa na mhandisi kabla hujakaa na dalali.

Ila ufa ninaoukuta kuliko yote huku kwetu ni ule wa wima, umenyooka kama umepigwa rula, pale nyumba ya zamani inapokutana na chumba kilichoongezwa. Mzee alijenga 1976 kwa msingi wa mawe. Mwaka 1999 mtoto akaongeza vyumba viwili na baraza kwa msingi wa bloku, bila kufunga nondo kati ya kuta hizo mbili. Kila upande unakaa kivyake. Hilo sio janga, ila paa la hapo kwenye kiungo lazima livuje, na linavuja.

Nyumba nyingi za miaka hiyo hazina mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima, zina linta juu ya milango na madirisha tu. Na huku tuko jirani na bonde la ufa. Mwaka 2007 Julai, lile tetemeko la 5.9 upande wa Gelai, karibu na Oldoinyo Lengai, lilisikika mpaka Nairobi. Nyumba isiyo na mkanda inaweza kusimama miaka mia, ila ujue ulichonunua, hasa kama una ndoto ya kupandisha ghorofa juu yake. Usipandishe.

Maji taka: omba mtu avute maji chooni wewe ukiwa umesimama kwenye chemba iliyofunuliwa. Yakifika haraka na kupita, sawa. Yakija polepole, au chemba imejaa mpaka kwenye mdomo, kuna mizizi ya mti au shimo la kunyonyea limekufa. Bafuni gonga vigae kwa funguo. Mlio wa debe tupu maana yake kigae kimeachia na maji yanaingia nyuma.

Mengine nitajibu mkiuliza.

#2 kinyonga_wa_kibosho

Uzi mrefu kama reli. Weka kwa ufupi tafadhali.

#3 NgaziNaTochi

Mkuu, nyumba ya milioni mia mbili unataka kwa ufupi?

#4 Mama Wawili Njiro

Asante kaka kwa uzi. Naongezea la maji, kwa sababu wengi mnaangalia bomba linatoka au halitoki basi. Wanaonunua pembezoni mwa Arusha na Arumeru nyumba yenye kisima chake, pimeni floridi. Meno ya kahawia ya watoto wetu huku yanatokana na maji, mnajua wenyewe. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huku vinapita hapo mbali sana kwa sababu ya miamba ya volkano. Muuzaji atakwambia "sisi tunachemsha". Kuchemsha hakuondoi floridi, maji yanapungua na floridi inabaki pale pale, kwa hiyo unaikoleza. Sisi tulipeleka chupa maabara kabla ya kusaini, majibu yalipokuja tukashusha bei na kwenye mkataba tukaweka kwamba muuzaji anatuachia nyumba ikiwa na maji ya mamlaka yameshaunganishwa.

Na swali: mabomba ya chuma ya zamani ni lazima kuyang'oa yote?

#5 NgaziNaTochi

Dada, umenena. Mabomba ya chuma yanaota kutu kwa ndani mpaka tundu linabaki la kupitisha kalamu. Dalili ziko mbili. Asubuhi kabla hajaoga mtu fungua bomba la mbali kabisa na tenki, maji ya mwanzo yakiwa ya rangi ya chai, tayari. Halafu fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, moja likizimika, tayari. Ukiyaona yote mawili badilisha yote, weka PPR (mabomba ya plastiki), tena pitisha juu ya ukuta au darini badala ya kuchimbua sakafu. Kuziba kipande kipande ni kumlisha fundi bomba.

#6 dalali_wa_kijenge

Sasa nyie ndio mnatuharibia kazi. Mteja ameipenda nyumba, mwenye nyumba amekubali bei, anakuja mtu na ngazi anatafuta mchwa siku nzima. Nyumba ya miaka arobaini utakosa ufa? Hata sisi wenyewe tuna nyufa. Nyumba za zamani zilijengwa na watu waliokuwa na uaminifu, sio hizi za sasa za mchanga mwingi. Na bei hiyo mtu anayoipata Kijenge leo asipolipa haraka mwingine analipa.

#7 NgaziNaTochi

Dalali wangu, hapo kwenye mchanga mwingi tuko pamoja kabisa. Nikipewa nichague kati ya ukuta wa 1975 na ukuta wa juzi mara nyingi nachukua wa 1975. Ndiyo maana nasema nyumba za zamani zikaguliwe, sio ziachwe. Katika nilizokagua, nyingi zilinunuliwa. Kilichobadilika ni bei, au muuzaji alitengeneza kwanza. Na wewe kamisheni yako ulipata, tena mnunuzi hakurudi kukutafuta na ndugu zake.

#8 Mlima Leicester

Niko Uingereza mwaka wa ngapi sijui, hapa hili jambo lina utaratibu kabisa. Benki inafanya tathmini yake, lakini wewe mnunuzi unashauriwa uajiri mkaguzi wako. Wale wa RICS (chama chao cha wapimaji na wakaguzi wa majengo) wana ngazi tatu: ya 1 ni ya juu juu, ya 2 ni ya nyumba za kawaida, ya 3 ndiyo ya nyumba za zamani au zilizofanyiwa mabadiliko mengi, na ripoti yake ni ndefu kweli. Marekani wao mara nyingi wanaweka kwenye mkataba kabisa kwamba mnunuzi ana siku kadhaa za kukagua, na asiporidhika anaweza kujitoa na kurudishiwa hela yake.

Ila mjue mkaguzi wa huku pia havunji ukuta wala hang'oi sakafu. Anaangalia kinachoonekana, na ambacho hakukiona anaandika kwamba hakukiona. Niliponunua hapa, ripoti ilisema waziwazi kwamba sehemu ya dari haikufikika. Huo ndio uaminifu ninaoutaka kwa mkaguzi wa Bongo.

Kinachoniumiza: nataka kumnunulia mama nyumba Moshi, na kaka yangu kila siku ananitumia video za geti na paving. Geti!

#9 NgaziNaTochi

Kwetu hakuna taaluma yenye bodi yake inayoitwa ukaguzi wa nyumba. Unatafuta mhandisi ujenzi aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), umeme unampa fundi mwenye leseni ya EWURA, na unahakikisha hakuna hata mmoja aliyeletwa na dalali au na muuzaji. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Fundi akishajua ataitwa kufanya ukarabati pia, ghafla kila kitu kinakuwa kibovu. Mwambie mapema: anayekagua hatapewa kazi ya kutengeneza.

Na kwa walio mbali: ripoti iandikwe, iwe na picha, na kila picha iseme ni chumba gani. Sehemu ambayo haikuonekana iandikwe na sababu. Kaka yako mpende, lakini video yake sio ripoti.

#10 Spaki Mwandamizi

Fundi umeme hapa, Moshi mjini. Nyumba za kabla ya miaka ya 80 nazozikuta: bodi ya fyuzi za kufunga waya, na mwenye nyumba fyuzi ikikatika amefunga waya wowote aliouokota. Soketi za matundu ya duara bado zipo nyumba nyingine. Waya wenye ganda la mpira, ukiukunja ganda linapukutika mkononi. Na ethi hakuna, au nondo yake ililiwa na kutu zamani.

Fungua soketi mbili tatu uone rangi na hali ya waya, halafu mwambie fundi apime kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja). Waya kwa waya ikisoma chini ya megaomu 1 msijidanganye kubadilisha swichi na taa. Ni waya mpya nyumba nzima. Mitambo ya zamani ilibeba taa, redio na pasi. Nyinyi mnakuja na heater ya maji, jiko la umeme na pampu.

Pia muuzaji anakwambia "umeme mpya, LUKU mpya". Mita ni ya TANESCO. Waya ni wako.

#11 wakili_mtaratibu

Naingia kidogo upande wa karatasi kwa sababu nyumba za zamani zina magonjwa yake hata huko.

Angalia hati ilianza lini na ni ya miaka mingapi. Hati zinatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inakwisha 2028, na wewe unalipia bei kama ya nyumba isiyo na mwisho. Inahuishwa, ndiyo, lakini jua kabla. Fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, usitosheke na kopi aliyokupa muuzaji.

Mwenye nyumba akiwa marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa na sio "sisi familia tumekubaliana". Akiwa hai na ana mwenza, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mama kuwa kimya jikoni wakati mnapatana bei siyo ridhaa.

Na mito. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Arusha mjini kuna Themi, Naura, Kijenge, Burka. Moshi kuna Karanga, Njoro, Rau. Nyumba za zamani nyingi zilijengwa zikiitazama mito hiyo, na mandhari hayo ndiyo dalali anayouza. Pima.

Kuhusu mkataba, ile ya Marekani aliyosema mkuu wa Leicester hata hapa inawezekana, hakuna sheria inayoizuia. Andikeni kwamba advansi inashikiliwa na wakili, mnunuzi ana siku 14 za kukagua, na yakionekana makosa ya msingi, paa, maji taka au umeme ambayo hayakutajwa, ama bei inajadiliwa upya ama advansi inarudi. Bila maneno hayo, ukija kwangu na ufa ambao ulikuwa unaonekana siku uliyoangalia nyumba, sina cha kukusaidia.

#12 Boma la Sakina

Mimi naona mnajichosha. Nyumba ya zamani unanunua kiwanja, unabomoa, unajenga ya kwako. Uzunguni pote huku ndio wanavyofanya.

#13 NgaziNaTochi

Sawa mkuu, basi lipa bei ya kiwanja. Ninaowaona wanalipa bei ya nyumba halafu wanabomoa. Na hata wa kubomoa akague paa, akikuta asbesto ile tingatinga asiilete kabla shiti hazijashushwa vizuri. Majirani wanapumua hewa hiyo hiyo.

Na udongo ukaguliwe pia kama unajenga upya. Tambarare za chini ya Moshi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mpaka mkono unaingia kwenye ufa wa ardhi. Nyumba ya zamani iliyosimama vizuri kwenye udongo huo imekupa jibu la bure. Pima kina cha msingi wake kabla hujaubomoa.

#14 kinyonga_wa_kibosho

Nimerudi. Nimesoma yote. Ni wakati gani mzuri wa kukagua, na inagharimu kiasi gani?

#15 NgaziNaTochi

Masika. Aprili mvua ikiwa inapiga, nyumba haiwezi kudanganya. Kiangazi utafute alama: mstari wa chumvi nyeupe chini ya ukuta kimo cha goti, rangi inayofanya malengelenge nyuma ya kabati, harufu ya kuvu chumbani panapofungwa. Sogeza kabati. Sogeza kitanda. Picha kubwa ya ukutani iliyoning'inizwa chini kuliko kawaida, ishushe.

Gharama tunapatana kwa ukubwa wa nyumba na umbali, bei nikitaja humu nitaonekana natangaza biashara.

#16 Mama Wawili Njiro

Sisi mhandisi tulimlipa laki nne, maabara mbali. Bei ya nyumba ilishuka milioni kumi na moja. Nimemjibia.

#17 Mlima Leicester

Mkuu NgaziNaTochi nimekutumia PM. Ni nyumba ya Rau, ya mwaka 1983, muuzaji anasema Jumamosi ndiyo nafasi pekee, na dari limefungwa halina mlango wa kupandia. Inawezekana?

#18 NgaziNaTochi

Inawezekana. Mwambie muuzaji tunakata silingi bodi moja ya kwenye korido, sentimita 60 kwa 60, na tunaweka kifuniko kizuri siku hiyo hiyo kwa gharama yetu. Akikataa nipigie kabla sijatoka nyumbani. Asijaze wala asimwage tenki, choo kisizibuliwe Ijumaa, na kaka yako aje na ngazi ndefu, ya kwangu ni ya futi nane.